Mtihani ambao Mpwapwa haikuutunga

Naandika kutoka Chang'ombe. Si ile ya Temeke, hii ya Dodoma.

Leo naweka siasa kando tuongee habari za ng'ombe na shule. Kuna mtihani mmoja huko Marekani ambao ukimsimulia mzee yeyote wa Kigogo mwenye zizi lake, atadhani unamtania. Daktari wa mifugo, mtu aliyekwishamaliza chuo na kupewa leseni, anarudi tena darasani kusomea kitu kimoja tu: tabia ya wanyama. Kwa nini mbwa anawauma watu wa nyumbani kwake. Kwa nini paka ameacha sanduku lake la mchanga na kukojolea kitanda. Kwa nini farasi anatafuna mbao za banda mpaka meno yanaisha. Anafanya kazi miaka kadhaa chini ya bingwa aliyemtangulia, anachapisha utafiti wake, anaandika ripoti za wagonjwa aliowatibu, na baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani. Chama kinachotunga mtihani huo kinaitwa American College of Veterinary Behaviorists, kilianzishwa 1993, na mabingwa wake mpaka leo ni kundi dogo mno ukilinganisha na madaktari wa mifugo wa nchi ile.

Usicheke. Kwa wenzetu tabia mbaya ni miongoni mwa sababu kubwa za mbwa na paka kutupwa kwenye vituo vya wanyama, na wengi wao hupigwa sindano ya kufa wakiwa wazima kabisa wa mwili. Ugonjwa unaoua mnyama wapi, mtihani unatungwa hapo. Hiyo ndiyo kanuni, na ukiishika utaelewa kwa nini sisi hatuna mtihani wa namna hiyo. Wetu ulitungwa na sotoka.

Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikitokea Pembe ya Afrika, ambako inaaminika ililetwa na ng'ombe waliokuja na jeshi la Italia. Umasaini inakadiriwa ng'ombe 9 katika kila 10 walikufa. Ugogo nayo haikupona. Hebu fikiria nchi ambayo mahari ni ng'ombe, deni ni ng'ombe, akiba ya mwaka wa njaa ni ng'ombe, halafu katika misimu michache mazizi yote yanabaki na inzi. Wajerumani walipofika kutawala walikuta watu waliokwishaangushwa.

Mwaka 1905 Wajerumani hao wakaanzisha kituo cha mifugo Mpwapwa, kilomita zisizofika 130 kutoka hapa nilipo. Waingereza walipochukua Tanganyika wakaendelea nacho, na idara nzima ya mifugo ya nchi ikawa inaongozwa kutoka huko huko, kwenye mji mdogo chini ya milima. Vijana wa siku hizi wakisikia Mpwapwa wanafikiria basi la vumbi. Kwa miongo kadhaa, kila jambo kubwa kuhusu ng'ombe wa nchi hii liliamuliwa pale: maabara, chanjo, uzalishaji, na mafunzo ya watu wa kwenda vijijini, wale ambao sisi sote tumekua tukiwaita mabwana mifugo.

Na bwana mifugo alifundishwa nini? Kimeta. Chambavu. Homa ya mapafu. Ndigana. Namna ya kujaza josho na kuhesabu dawa yake. Namna ya kufunga mnada karantini ikitangazwa. Yote ni mambo ya maana, na yameokoa ng'ombe wasiohesabika. Lakini angalia vizuri: katika orodha hiyo ng'ombe ni mwili unaobeba vijidudu. Hata ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, fahari ya kituo kile, aliyepatikana kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi, zebu wetu, Boran na damu kidogo ya Ulaya, alitafutwa kwa maziwa, uzito na uwezo wa kuvumilia nchi kavu. Na mfugaji naye alionekana kama tatizo la hesabu. H. E. Hornby, mkurugenzi wa idara ile, aliandika mwaka 1936 kulalamika kuwa Tanganyika ina ng'ombe kuliko malisho yake. Lawama hiyo bado inasikika mpaka leo kwenye mikutano ya maofisa, wala haijabadilishwa nguo.

Mgogo mwenyewe alikuwa na akili yake ya kitakwimu. Peter Rigby, aliyeandika kitabu kizima juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo mwaka 1969, alieleza jinsi mwenye mali anavyowatawanya ng'ombe wake kwa ndugu na marafiki, mmoja kule, watatu huku. Ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili unabaki. Ndiyo bima. Na watu walikuwa na sababu ya kuihitaji, maana baada ya sotoka ilikuja vita ya kwanza ya dunia, majeshi yakachukua ng'ombe na nafaka, ikafuata ile njaa ya Mtunya ambayo wazee wa hapa wanaitaja mpaka leo.

Sasa turudi kwenye vyeti. Kwa daktari kamili, Mtanganyika alilazimika kutoka nje ya nchi: Makerere kwanza, kisha Kabete karibu na Nairobi, ambako kitivo cha udaktari wa mifugo kilihudumia nchi zote tatu enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo kile kilivunjwa 1970. Mwaka 1976 Tanzania ikaanza kufundisha madaktari wake Morogoro, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1984 Morogoro ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, Sokoine. Mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Veterinari, Baraza la Veterinari likapewa kazi ya kusajili na kupanga watu kwa madaraja: daktari huyu, msaidizi wake yule, na kila mmoja na mipaka ya anachoruhusiwa kufanya. Tabia na ustawi wa mnyama vinaguswa ndani ya masomo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ilivipa nguvu. Bodi ya mabingwa wa tabia, yenye mtihani wake, hatuna.

Kinachonishangaza ni hiki. Katika miaka ile ile ambayo tulikuwa tunahangaika kupata daktari wa kwanza, wa kumi, wa hamsini, nchi yetu ilikuwa darasa kubwa la tabia ya wanyama duniani. Jane Goodall alishuka Gombe Julai 1960 bila shahada yoyote. Katikati ya miaka hiyo ya 60 alikuwa na udaktari wa falsafa wa Cambridge, kwa kuwatazama sokwe wa Kigoma. Hans Kruuk, mwanafunzi wa Niko Tinbergen, alikesha na fisi wa Ngorongoro na Serengeti. George Schaller alikaa miaka 3 na simba. Tinbergen mwenyewe, pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, walipewa Tuzo ya Nobel kwa elimu hii Oktoba 1973. Ndiyo, mwezi ule ule ambao TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Hakuna uhusiano, nimependa tu kukumbusha.

Vyeti vya elimu ile vilikwenda Cambridge na Oxford. Gombe, wanafunzi wa kigeni walipotekwa Mei 1975 na wazungu karibu wote wakaondoka, waliobaki msituni kila siku na daftari ni Watanzania, kina Hilali Matama na Eslom Mpongo, watu wa vijiji vya jirani. Waliwajua sokwe kwa jina, kwa ukoo na kwa ugomvi wao. Rekodi za miaka iliyofuata, ambazo wasomi wa dunia nzima wananukuu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya macho yao. Chuo kipi kiliwatahini?

Msinielewe vibaya, sisemi mtihani ni ujinga. Nataka kusimulia habari ya nyumbu kwanza.

Kila mwaka, takriban Januari hadi Machi, nyumbu wa Serengeti huzaa kwenye nyanda za majani mafupi, maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache. Nyasi zinakuwa tamu kuliko wakati wowote. Na ndipo Wamasai wanapoondoa ng'ombe wao na kuwapeleka kwenye malisho mabaya zaidi. Bwana wa ofisini akiona hivyo anaweza kusema hawa watu hawajui kulisha. Wao wanajua kuwa nyumbu akizaa, ng'ombe aliyekaa karibu atavimba macho, atatokwa makamasi, atashikwa na homa, na akishaugua haponi. Nyumbu mwenyewe haumwi chochote.

Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Kenya, walithibitisha kuwa nyumbu ndiye anayebeba kirusi cha ugonjwa ule. Utafiti uliofuata ukaonyesha kuwa ndama wa nyumbu, katika miezi yake michache ya mwanzo, hukitoa kirusi kwenye machozi na makamasi. Wamasai walilaumu zaidi kondo la nyuma na manyoya ya ndama. Kwa hiyo mwalimu mkali angewapa nusu ya alama kwenye sababu. Kwenye swali la nini kifanyike, na lini, wangepata zote. Walikuwa wamesoma tabia ya mnyama mmoja ili kumwokoa mwingine, na waliijua kalenda yake vizuri kuliko maabara.

Plowright huyo huyo ndiye aliyetengeneza pale Muguga chanjo iliyoivunja mgongo sotoka, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1999. Kwa hiyo hapa tunaongea juu ya mtu aliyekuwa na vyeti, na vilivyofaa. Ila chanjo yake ilitaka barafu, na sotoka ya mwisho ilijificha mahali pasipo na umeme wala barabara: Sudan ya Kusini, Karamoja, Afar. Miaka ya 1990 ikapatikana aina ya chanjo inayoweza kukaa karibu mwezi mzima bila jokofu. Nani aibebe? Madaktari hawakutosha, na waliokuwepo hawakufika huko. Wakafundishwa wafugaji wenyewe kwa muda mfupi, wakatembea na makundi, wakachanja. Na walipoulizwa wapi kuna ng'ombe anayetembea kwa namna isiyo ya kawaida, anayejitenga, anayelia machozi, walijibu, na majibu yao yaliwaongoza wataalamu mpaka kwenye maficho ya mwisho ya ugonjwa. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kuwa sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa, baada ya ndui. Ule uliounda Mpwapwa, ule uliotunga mtihani wetu, ulimaliziwa kwa msaada wa watu ambao wasingeruhusiwa hata kukaa chumba kimoja na mtihani huo.

Kuna jambo jingine nalipenda, nalo liko Morogoro. Katika nchi hii tunao mtihani rasmi wa tabia, wenye viwango vya kimataifa, na wanaofanya ni panya. Panya buku. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, lilihamia Sokoine mwaka 2000 na kuanza kuwafundisha panya kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini. Somo linaendeshwa kwa sauti ndogo ya "tik" na kipande cha ndizi au karanga. Mwisho wake kuna uwanja ambao mabomu yasiyolipuka yamefukiwa, na mkufunzi anayeshika kamba hajui yalipo, asije akamwonyesha mwanafunzi wake kwa bahati mbaya. Panya akiacha bomu moja, amefeli. Mwaka 2004 panya 11 walifaulu mtihani wa leseni Msumbiji, nchi ambayo 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote yanayojulikana. Panya Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alifanya kazi Kambodia kuanzia 2016, akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza Septemba 2020, na alikufa Januari 2022 akiwa amestaafu kwa heshima. Wenzake wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Watanzania wanaowafundisha, wanaojua panya gani amechoka na panya gani anadanganya ili apate ndizi, hao ni mabingwa wa tabia kwa maana yoyote unayotaka. Ukimwita mmoja wao hivyo, sijui aandike wapi kwenye fomu.

Sasa turudi Chang'ombe, maana hapa ndipo habari hii inaponiuma.

Dodoma imebadilika. Serikali ilianza kuhamia kwa kweli 2016, tukapewa hadhi ya jiji 2018. Nyumba zimeota, kuta zimepanda, na nyuma ya kila ukuta kuna mbwa. Mbuzi bado wanakatiza barabarani, mnada wa Msalato bado unajaa, lakini kizazi kinachoishi na wanyama sasa hakikukua nacho zizini. Babu yangu na wenzake walikuwa wanajua ng'ombe mgonjwa kabla hajaugua: amekuwa wa mwisho kutoka, amesimama na kivuli chake, hajamlamba ndama. Mtaani kwetu leo mtoto anapewa mbwa, na hakuna aliyemfundisha kusoma masikio na mkia wake.

Na upo ugonjwa mmoja ambao hata jina lake la Kiswahili ni la tabia. Kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa 2002, uliohesabu kwa kufuata majeraha ya kuumwa na mbwa, ulikadiria kuwa unaua Watanzania wapatao 1,500 kwa mwaka. Wengi wa wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na hakuna kipimo cha kuaminika cha kumpima mbwa angali hai: maabara inataka ubongo wake. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni mtu wa nyumbani anayesema, huyu si yule wa jana. Mbwa mkali amekuwa mpole na kujificha uvunguni. Mpole amekuwa mkali. Mbweha, mnyama anayetukimbia, ameingia uani mchana kweupe.

Ng'ombe ndiye anayedanganya zaidi. Akishikwa na kichaa anatoa sauti ya ajabu, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, na kila anayemwona anadhani amekwamwa na kitu kooni. Msamaria mwema anaingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa ambao haupo. Mabwana mifugo wanalijua hili. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, aliyewanunua baada ya kuhamishiwa hapa na wizara yake, mara nyingi halijui.

Kwa hiyo mimi sidai bodi kama ya Marekani. Kisaikolojia cha paka kinaweza kusubiri. Nadai tabia ipewe karatasi yake yenye jina lake katika mtihani wa bwana mifugo, na waitwe wafugaji wazee wasaidie kutunga maswali, na walipwe kwa kutunga kama wanavyolipwa wengine.

Mpaka hapo, upo mtihani mmoja wa tabia ambao mnaweza kuusimamia hata nyumbani. Mbwa akimuuma mtu na mbwa huyo yupo, anafungwa na kutazamwa siku 10. Kama alikuwa tayari anaambukiza siku alipouma, ndani ya siku hizo atabadilika na kufa. Lakini aliyeumwa hasubiri matokeo. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, si pilipili, si mafuta ya taa, halafu hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Na ukifika kwa daktari, kabla hajauliza, mweleze mbwa alikuwaje jana yake, na juzi.